Maswali Yenu: Chujio, Kidonge au Sufuria?

Barua nyingi zilizotufikia katika miezi hii ya kiangazi zinahusu jambo moja, nalo ni maji ya kunywa kwa watu wanaotembea siku kadhaa milimani au vijijini wakiwa wamebeba mizigo yao wenyewe mgongoni. Tumechagua tano na kuzifupisha.

SWALI: Sisi ni vijana watano wa hapa Morogoro. Mwezi wa saba tumekusudia kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, tukipitia msitu wa Magamba na Rangwi. Tumeshindwa kukubaliana kuhusu maji. Mwenzetu mmoja anataka tuchange fedha tununue chujio la kukamua kwa mkono ambalo ameliona mtandaoni. Mwingine anasema vidonge vya WaterGuard vinatosha na bei yake ni ya kawaida. Wa tatu hataki kusikia lolote isipokuwa kuchemsha. Mimi nilipendekeza tununue maji ya chupa njiani, nikachekwa. Tumsikilize nani?
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na wewe uliyechekwa. Wazo lako si baya kwa siku ya kwanza, kwa kuwa Lushoto na vituo vikubwa vya njiani vina maduka. Hata hivyo, watu watano wanaotembea kutwa nzima wanahitaji si chini ya lita 15 kwa siku, yaani kilo 15, kabla hamjagusa maji ya kupikia. Zaidi ya hayo, chupa tupu mtakazoziacha kijijini zitachomwa moto au zitaishia bondeni. Bebeni chupa mbili tatu za akiba, kisha mzijaze upya njia nzima.

Sasa tuje kwa wenzako, ambao wote watatu wana hoja, ila wanabishana kuhusu kifaa kabla ya kuuliza maji yenyewe yanatoka wapi. Usambara Magharibi, mnakopita, si pori. Ni milima yenye watu wengi, ambako mashamba ya kabichi, viazi na karoti yamepanda hadi karibu na vilele, na kila kijito kinachokatiza njia yenu kimekwisha kupita chini ya nyumba, zizi na choo cha shimo cha mtu fulani. Katika mazingira ya namna hiyo, maradhi ya kuogopwa ni yale yanayotoka kwa binadamu mwenzako, na hilo ndilo linaloamua kifaa.

Wadudu wa maradhi walio majini wamegawanyika katika makundi matatu, na tofauti kubwa kati yao ni ukubwa. Vimelea kama giadia na kriptosporidiamu ndio wakubwa, kwani kriptosporidiamu ana upana wa mikroni 4 hadi 6 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria, wakiwamo wa kipindupindu na homa ya matumbo, wana unene wa takribani nusu mikroni. Virusi ni wadogo kupita kiasi: kirusi cha homa ya ini aina ya A hakifiki hata mikroni 0.04. Chujio analolitaka mwenzenu lina mirija myembamba yenye matundu ya mikroni 0.1. Litawazuia vimelea na bakteria barabara, lakini virusi vitapita. Machujio ya aina hiyo yamepata sifa kubwa katika milima ya Amerika Kaskazini, ambako mtu anaweza kutembea siku nzima bila kuona nyumba, na hatari ya virusi inahesabiwa kuwa ndogo. Kati ya Lushoto na Mtae hali si hiyo.

Klorini iliyomo katika vidonge ina nguvu pale ambapo chujio ni dhaifu. Inaua bakteria na virusi vizuri, inamchukua giadia kwa taratibu, lakini kwa kriptosporidiamu haifui dafu, kwa sababu ganda lake ni gumu mno kwa kipimo cha maji ya kunywa. Ndiyo maana anayeweza kumudu vyote viwili hufanya vyema kuvitumia pamoja, maji yakipita kwenye chujio kwanza na kidonge kikifuata.

Mwenzenu wa kuchemsha ndiye aliye sahihi zaidi kitaalamu, kwani maji yaliyochemka kwa mapovu makubwa kwa dakika moja yamemaliza makundi yote matatu. Mkiwa juu ya mita 2,000, kama mtakavyokuwa katika baadhi ya sehemu za Magamba, chemsheni dakika tatu. Tatizo la kuchemsha ni moto. Tungi dogo la gesi la gramu 230 halitachemsha zaidi ya lita kumi na kitu, maana yake ni kwamba kwa watu watano halimalizi hata siku moja. Kuni za kuokota si jibu, kwa sababu Magamba ni hifadhi ya msitu wa asili, na kule vijijini kila mzigo wa kuni umebebwa na mama fulani kutoka mbali. Mkilala kwa mwenyeji, mwombeni awachemshie maji ya chai na ya kunywa usiku, na mlipie kuni hizo kwa haki.

Ushauri wangu kwa kundi lenu, basi, ni kuzifanya jioni ziwe wakati wa kutengeneza maji. Kidonge cha kawaida cha WaterGuard kinachouzwa madukani kina miligramu 67 na kimepimwa kwa ndoo ya lita 20. Wasafiri wengi hukitumbukiza kwenye chupa ya lita moja, au hukikata kwa meno vipande vinne, kisha hulalamika kwamba maji hayanyweki. Hawana budi kulalamika, maana aliyetumbukiza kidonge kizima katika lita moja amezidisha kipimo mara ishirini. Fikeni mahali pa kulala kabla jua halijazama, ombeni ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, na kama mna chujio, lining'inizeni mfuko wake kwenye msumari au tawi ili maji yashuke yenyewe ndani ya ndoo mkiwa mnapika. Kukamua lita 20 kwa mikono ni kazi inayomaliza mazungumzo.

Msipokuwa na chujio, tumieni kitambaa safi kilichokunjwa mara nne au zaidi. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zilizofuliwa miaka mingi hulegea na kufumuka, na matundu ya kitambaa hupungua. Hilo si jambo la kubuni. Mwanasayansi wa Marekani, Rita Colwell, na wenzake walilijaribu katika vijiji vya Matlab, Bangladesh, kwa kutumia sari kuukuu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48, kwa sababu bakteria wake hupenda kujishikiza kwenye viumbe wadogo wa majini ambao kitambaa kinaweza kuwanasa. Asilimia 48 haitoshi kumfanya mtu anywe bila hofu, lakini kitambaa kinaondoa tope, na tope ndilo linalokula klorini kabla haijawafikia wadudu.

Baada ya kutia kidonge, au vidonge viwili ikiwa maji bado yana ukungu, funikeni na msubiri. Karatasi ya dawa itawaambia dakika 30, na hizo zinatosha kwa maji yenye joto la nyuzi 25. Mwezi wa saba Lushoto ni baridi. Kanuni inayofuatwa ni kuongeza muda maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, kwa hiyo maji ya nyuzi 15 yasubiriwe saa nzima. Kisha nuseni. Maji yaliyotibiwa sawasawa hutoa harufu kidogo ya klorini. Yasiponukia hata chembe, dawa imekwisha kuliwa na uchafu, na inafaa kurudia. Choteni kwa kata moja safi inayoning'inizwa, na wala si kwa vikombe vya watu watano vinavyotumbukizwa ndani.

Njiani mchana, jazeni kwenye mabomba ya vijiji, ambayo mengi hupata maji ya mserereko kutoka chanzo kilicho juu, na mtibu vilevile, kwa sababu bomba linalovuja linaweza kuvuta uchafu wa ardhini. Kwa kazi hiyo tafuteni vidonge vidogo vya lita moja. Jambo moja ambalo chujio lenu, vidonge vyenu na sufuria yenu havitalitatua ni dawa za kupulizia mboga. Kwa sababu hiyo jazeni kila chombo mkiwa bado ndani ya msitu wa Magamba, kabla ya kushukia mabonde ya bustani, na msichote kamwe kwenye mfereji unaotoka shambani, hata kama maji yake yanang'aa.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu, nunueni vidonge na mwache chujio. Kipindupindu, homa ya matumbo na virusi vyote viko ndani ya uwezo wa klorini. Atakayebaki ni kriptosporidiamu, ambaye kwa mtu mwenye afya husumbua wiki moja au mbili na kuondoka. Hata hivyo, ikiwa mmoja wenu ana upungufu wa kinga mwilini kwa sababu yoyote, kwake ugonjwa huo si wa kubahatisha, na maji yake yachemshwe kila siku bila mjadala. Wekeni pia pakiti kadhaa za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini. Kumbukeni vilevile kwamba giadia huchukua wiki moja au mbili kabla ya kujitokeza, kwa hiyo anayeanza kuharisha akiwa amekwisha kurudi Morogoro amweleze daktari alikotoka.

SWALI: Natarajia kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon na kushukia Chogoria. Nimezawadiwa taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno ya kusafishia maji. Je, inatosha peke yake? Pia nimeambiwa kwamba maji hayachemki sawasawa kule juu, kwa hiyo kuchemsha ni kazi bure.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Taa hiyo ni kifaa kizuri, na katika mambo fulani inalipita chujio. Mionzi yake huharibu chembe za urithi za wadudu wa makundi yote matatu, virusi na kriptosporidiamu wakiwamo, wasiweze kuzaliana ndani ya mwili wako. Lita moja humalizika kwa takribani sekunde 90, huku ukiikoroga taa polepole ndani ya chupa, na maji hayabadiliki ladha.

Masharti yake ni mawili. La kwanza ni maji maangavu, kwa sababu mwanga haupiti kwenye tope. Mvua ikinyesha na kijito kikageuka rangi, acha maji yatulie kwenye sufuria kwanza, kisha uyamimine taratibu na kuacha mashapo chini. La pili ni betri. Katika kambi ya Shipton, iliyo kwenye mita 4,200 hivi, usiku huganda, na betri iliyolala nje ya mfuko wa kulalia huamka ikiwa haina nguvu. Lala nayo. Wenye machujio ya mirija nao wafanye hivyohivyo, tena kwao hasara ni kubwa zaidi, maana mirija yenye maji ikiganda hupasuka kwa ndani bila alama yoyote ya nje, na mtu huendelea kunywa akidhani amechuja. Liko pia jambo dogo ambalo wenye taa hulisahau: mionzi haifiki kwenye shingo ya chupa wala kwenye hesi za kifuniko, palipolowa maji machafu wakati wa kuchota. Futa hapo kwa kitambaa kikavu kabla ya kunywa.

Nisingeitegemea peke yake. Kifaa cha umeme kina siku yake ya kufa, na mlima hauna fundi. Beba vidonge kumi na viwili vya klorini dioksidi, ambavyo uzito wake hautausikia. Hivyo humaliza bakteria na virusi kwa nusu saa hivi, na tofauti na klorini ya kawaida, humuua hata kriptosporidiamu ukivipa saa nne, muda unaopatikana bila taabu ukitibu maji jioni.

Kuhusu kuchemsha, aliyekuambia ana nusu ya ukweli. Katika kimo cha Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu chai ya kule haikolei, na mwenye kubeba maharage mabichi atayala yakiwa mabichi. Wadudu wa maradhi, hata hivyo, hawasubiri nyuzi 100. Wanaanza kufa haraka joto likipita nyuzi 70. Zile dakika tatu zinazoshauriwa kwa walio juu ya mita 2,000 ni nyongeza ya usalama, na zinatosha hadi kilele cha Lenana.

Chota maji upande wa juu wa kambi, mbali na vyoo, hata kama ni mwendo wa dakika kumi zaidi. Wala usitarajie kujinusuru kwa chupa za dukani, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi zake.

SWALI: Je, kukamulia ndimu kwenye maji kunaua wadudu? Kila mtu kwetu anasema hivyo.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Uchachu wa ndimu unawadhoofisha bakteria wa kipindupindu, kwa hiyo wanaosema hawakulitoa hewani, lakini ni ulinzi usiopimika na haugusi wadudu wengine ipasavyo. Ndimu ina matumizi mengine. Vitamini C iliyomo ndani yake huondoa harufu na ladha ya klorini papo hapo. Ikamue baada ya muda wa kusubiri kwisha. Ukiikamua mapema, utakuwa umeiua dawa kabla haijaua wadudu.

SWALI: Mimi na ndugu zangu tunapanga kutembea siku tatu kuzunguka Mlima Meru kwa upande wa Ngare Nanyuki. Bibi yetu anasema maji ya huko hayafai hata yakichemshwa. Mdogo wangu anadai chujio lake jipya linaondoa kila kitu. Nani mkweli?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Bibi yenu. Tatizo la maji mengi ya pande hizo si wadudu bali ni floridi, inayotoka katika miamba ya volkano ya Meru na kuyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo kuzunguka mlima huo vinavyokipita kikomo hicho mara nyingi. Kitu kilichoyeyuka hakizuiwi na tundu la mikroni 0.1, kama vile chujio lisivyoweza kutoa chumvi kwenye mchuzi. Klorini haikigusi. Kuchemsha kunazidisha, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki palepale.

Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa, yaani mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto maalumu na kusagwa, njia ambayo imefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto, karibu kabisa na njia yenu. Chombo chake ni cha kukaa nyumbani, si cha kubebwa mgongoni.

Msiache safari kwa ajili hiyo. Madhara ya floridi ni ya kunywa kwa miaka, na yanawapata zaidi watoto ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka, ndiyo maana mnaona meno ya kahawia kwa watu waliokulia maeneo hayo. Siku tatu za mtu mzima haziyafanyi meno kitu. Ikiwa mnafuatana na watoto wadogo, wabebeeni maji yao, au ombeni ya mvua penye nyumba za bati na tangi, kisha myatibu kwa kidonge, maana bati lina mavi ya ndege. Watu wa kila kijiji wanajua chanzo chao kipi ni kitamu na kipi ni cha magadi, kwa hiyo waulizeni kina mama kisimani kabla ya kujaza.

SWALI: Tunakwenda kupiga kambi na kutembea Ukerewe. Ziwa liko kila upande. Je, tukichuja maji yake tuko salama na kichocho?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kwa kunywa, ndiyo, mabuu ya kichocho ni makubwa mno kwa chujio lolote la maana, na maji ya moto huwaua kwa urahisi. Chota kutoka kwenye mtumbwi, mbali na ufuko, na uongeze kidonge, kwa kuwa ziwani kuna kipindupindu cha mara kwa mara. Mahali ambapo maji yamefunikwa na utando wa kijani mfano wa rangi iliyomwagika, usichote kabisa. Ule ni mwani wenye sumu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Kichocho, hata hivyo, hakiingilii mdomoni kwa kawaida. Kinapenya kwenye ngozi unapooga, unapovuka kwa miguu, au unaposimama majini ukijaza hilo chujio lako. Simama juu ya jiwe au gati, na utumie ndoo yenye kamba. Maji ya kuoga yachotwe leo yaogwe kesho kutwa, kwa kuwa mabuu wasiopata mwili wa kuingia hufa ndani ya siku moja hadi mbili. Ikiwa mtacheza majini, na najua mtacheza, mkapime choo wiki sita hadi nane baada ya kurudi, kwani kupima mapema kuliko hapo mara nyingi hakuonyeshi kitu.